Sili za Ekseli na Mteremko wa Molo

Bondeni, Nakuru
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Tabitha,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani wa nyuma, na najua hutarudi upesi, maana wale hawamwachi mtu aondoke bila chai. Nimesogeza sanduku lako kando, nimekaa mezani, na nimeanza kuandika. Barua hii utaisoma ndani ya treni, si kabla. Kwa mdomo nisingeweza. Tukiwa wawili jikoni mimi huanza kusema jambo la maana nikaishia kwenye chumvi.

Habari za sabuni, blanketi na viatu vya mvua sitaziandika. Shangazi yako amezisema mpaka ukaanza kumalizia maneno yake, na yeye hakugundua kwamba unamcheka. Mimi nataka kukuambia habari za mwaka ule baba yako alipovunjika mkono. Ulikuwa shule ya bweni. Tulikuandikia kwamba gari liliteleza, baba yu salama, soma kwa bidii. Hatukudanganya, lakini kilichobaki ndicho kilichonibadilisha mimi, na nisingependa ukisikie kwa mjomba wako Joshua, ambaye kila akikisimulia anakiongeza.

Gari lile unalijua. Mbele chuma, nyuma boksi la mbao, na lilikuwa limebeba maziwa ya mzungu wa Njoro miaka mingi kabla halijaja kwetu. Tulikuwa tunapanda nalo Kuresoi kuchukua viazi vya akina mama wa ukoo wa baba yako, waliokuwa wanalima vipande walivyopewa pembeni mwa mashamba makubwa. Tukishuka tunaviuza hapa sokoni. Baba yako aliendesha, mimi nilipima viazi na kubishana na wanunuzi. Na jioni tukirudi, kazi ya kuosha gari ilikuwa yangu.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa langu. Kila nilipoosha, niliona magurudumu ya nyuma yamelowa kwa ndani. Mafuta meusi, mazito, yameshuka kwenye tairi na kushika vumbi. Nilichukua kitambaa nikayafuta. Nilifuta vizuri, Tabitha, mpaka tairi likang'aa. Nilitaka watu wa Bondeni wasiseme gari la kina Tabitha ni chafu. Siku moja nilimtajia baba yako, akasema, "Gari zee hutoka jasho." Tukacheka. Nikaendelea kufuta.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyepesi. Tumejaza magunia mpaka juu, tunashuka ule mteremko mrefu chini ya Molo. Unakumbuka hali ilivyokuwa miaka ile ya hatari, vizuizi kila mahali, vipande vya kitambulisho mfukoni. Chini ya mteremko askari walikuwa wamelaza gogo juu ya mapipa, na bunduki zao mkononi. Baba yako alianza kukanyaga breki mapema, kama kawaida yake. Nikaona anakanyaga tena. Halafu tena.

"Breki hazishiki," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imekwisha.

"Hazishiki namna gani?"

"Za mbele zimechoka kwa joto. Za nyuma hakuna kitu. Shika mlango, Mama Tabitha."

Tuliwaona askari wanainua mikono tusimame. Wote wawili tulijua kwamba gari likivunja kizuizi siku zile, risasi zilitangulia na maswali yakafuata. Baba yako hakupiga kelele wala hakuomba. Alikata usukani akalipandisha gari kwenye ukingo wa udongo, upande wake yeye. Likakwaruza, likainama, likasimama. Boksi la nyuma likafunguka. Askari walikuja mbio na bunduki zimetuelekea, wakakuta viazi vinabingirika kuwaendea wao.

Mimi sikuumia. Baba yako mkono wa kulia ulikuwa umepigwa na usukani ukavunjika chini ya kiwiko. Aliketi kando ya barabara ameushika kama mtoto, akaniambia, "Nenda uangalie gurudumu la nyuma kwa ndani." Nikaenda. Mafuta yalikuwa yanachuruzika. Safari ile hapakuwa na wakati wa kuyafuta.

Lori la shamba lilituvuta mpaka nyumbani kwa mnyororo. Hospitali wakamfunga plasta. Aliporudi alinieleza jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kuliuliza. Ndani ya ekseli ya nyuma, lile pipa la chuma linalounganisha magurudumu mawili, mna mafuta mazito. Kila mwisho wa ekseli pana sili, yaani pete ya ngozi ndani ya bati, inayokumbatia shafti, ule mti wa chuma unaozungusha gurudumu, ili mafuta yasitoke nje. Sili ikizeeka, mafuta hupita, huingia kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta ni kama mkono wenye sabuni unaojaribu kushika samaki.

"Kwa hiyo yale niliyokuwa nafuta…"

"Na mimi niliyaona," akasema. "Usijitwike peke yako."

Hatukuzungumza tena habari ya nani alikosa. Hilo nalo ni jambo nililojifunza kwake, na ukipata mtu wa namna hiyo, uwe ni mume au rafiki wa bweni, mshike.

Shida ikawa gari. Mafundi wa mjini walikuwa wamejaa kazi, na magari ya wakubwa ndiyo yaliyotangulizwa. Letu walisema lisubiri mpaka mvua ziishe. Lakini Kuresoi magunia yalikuwa yamekaa chini ya majani, na akina mama wale walikuwa wanatuma habari kila siku kwamba viazi vya chini vimeanza kunuka. Hawakuwa na gari lingine la kutegemea. Baba yako alizunguka uani akiutazama mkono wake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Nikamwambia, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kubadilisha hizo sili. Wewe kaa hapo, sema. Mikono ni yangu."

Alicheka, Tabitha, si kwa ubaya. Halafu akaona mimi sicheki. Akaingia ndani akatoka na stuli.

Tuliweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, tukainua nyuma kwa jeki, na kabla sijaingiza hata kidole akanifanya nipange magogo chini ya ekseli. "Jeki si ya kuaminiwa," akasema. "Jeki ni ya kuinua tu." Nikatoa gurudumu. Nikatoa dramu ya breki, lile bakuli la chuma linaloifunika, ambayo ilikuwa imeng'ang'ania mpaka nikaigonga kwa mbao pande zote. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na samli. Nikalegeza nati za bati la breki, nikavuta shafti, ikatoka pole pole, ndefu, inang'aa, na mafuta yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Majirani walikuwa wamesimama uani. Mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi kwetu wanaume ndio wanaopika. Baba yako akamjibu, "Leo ndiyo, na wewe karibu ule." Yule mtu akaenda zake.

Sili ya zamani ilikuwa imekauka kama soli ya kiatu kilichoachwa juani. Niliitoa kwa tindo. Baba yako akaniambia nipitishe ukucha juu ya shafti, pale sili inapokaa. "Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya haitafaa kitu." Ulikwama kidogo. Nikasugua kwa msasa laini mpaka ukucha ukapita bila kusikia kitu. Kwa kazi hiyo alinisifu, nikavimba kichwa.

Ndipo nikaharibu. Sili mpya ilikuwa imelowekwa kwenye mafuta usiku kucha ili ngozi ilainike. Nikaiweka mdomoni mwa ekseli, nikashika nyundo, nikapiga. Iliingia upande mmoja, upande mwingine ukabaki nje. Nikapiga ule upande uliobaki kwa nguvu zaidi, bati likakunjika.

"Wewe mama, pole pole! Hiyo si msumari!"

"Si umesema nipige?"

"Nimesema upige, sijasema uue! Mikono ya kusonga ugali hiyo!"

Niliweka nyundo chini nikaenda kwenye bomba la maji. Nilisimama pale na ndoo tupu, nyuma ya wanawake waliokuwa wakichota, na wote walikuwa wanautazama mkono wangu mweusi. Nilitaka kuacha. Nakuambia hivi kwa sababu utafika pahali kama pale. Huko unakokwenda kujifunza unesi, utafanya kitu mbele ya watu, kitaharibika, na mtu anayeijua kazi kuliko wewe atasema neno la kukuchoma. Mimi zamani nilidhani watu hodari ni wale ambao hawachomeki. Nilichomeka sana. Nilijaza ndoo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kushika foleni, na kwa kuwa ndoo ilikuwa imejaa, ilibidi nirudi nayo nyumbani. Huo ndio ushujaa wote niliokuwa nao siku ile.

Nilimkuta baba yako amekaa chini, amebana kipande cha mti kwa miguu, anakikata kwa msumeno kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anatengeneza kigogo cha mviringo kilicho sawa na ile sili.

"Weka hiki juu, ndiyo upige," akasema bila kuniangalia. "Hivyo itaingia sawa pande zote. Ningekupa mapema. Mimi mwenyewe nimezoea kupiga bila kigogo, nikasahau kwamba nilijifunza nikiwa na kigogo."

"Na sili yenyewe? Si imeharibika?"

Akatoa nyingine mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa kilicholowa mafuta. Alikuwa amechukua moja ya ziada dukani, bila kuniambia. Sikumwuliza kwa nini. Nilicheka mpaka ndoo ikamwagika.

Ya pili iliingia. Mdomo wa ngozi ukitazama ndani, kuelekea mafuta, kama alivyosema. Niligonga kidogo hapa, kidogo pale, nikasikia sauti ya nyundo inabadilika ilipofika mwisho. Sauti ile naisikia mpaka leo. Upande wa kushoto nilifanya karibu peke yangu, yeye akawa ananitazama na kutafuna muwa. Tukazifunga breki ngozi nyingine, tukaosha dramu kwa petroli, tukajaza mafuta ekseli. Mjomba wako Joshua akaja akaliendesha mpaka Njoro na kurudi, bila mzigo.

Aliporudi, niliinama kabla hajazima injini. Mafuta. Pande zote mbili, kwenye ukingo wa chini, yameanza kutokeza.

Baba yako alisema sili ni mbovu. Joshua akasema kazi ni mbovu, halafu akaniona akasema labda ni sili. Mimi niliketi kwenye stuli. Nilikuwa nimeishiwa nguvu, na nilikuwa naona haya kwa sababu jirani yule wa mwanzo alikuwa amerudi kusimama pale pale.

Lakini kuna jambo lililokuwa linanisumbua. Gari lilikuwa limelala uani siku mbili likiwa limejazwa mafuta, na halikuwa limetoa hata tone. Nikasema, "Baba Tabitha, kwa nini halivuji likiwa baridi?"

"Likiwa moto mafuta yanakuwa mepesi."

"Mepesi sawa. Lakini ni kama yanasukumwa. Tazama, yametoka pande zote mbili kwa mara moja. Ndani kuna nini kinachoyasukuma?"

Akainama kutazama chini ya gari. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka jina la mtu, "Pumzi. Ekseli ina tundu la pumzi. Juu, karibu na katikati. Hewa ikipata moto ndani hutoka pale."

"Na tundu likiziba?"

"Hewa itatafuta njia nyingine. Ingia chini, Mama Tabitha. Ingia uangalie."

Niliingia. Juu ya ekseli nilikuta matope ya Kuresoi, si ya mwaka ule tu, matope juu ya matope, yamekauka yakawa tofali. Nilibandua kwa tindo. Chini yake palikuwa na kitundu kidogo hata kidole hakiingii. Nikatoa pini kichwani nikachokora. Nilisikia upepo ukitoka, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi miaka mingi. Pale chini ya gari, na mchanga machoni, nilipiga kigelegele. Joshua aliruka akadhani nimebanwa.

Tena baba yako akanifanya nifungue kizibo cha kupimia, yakamwagika mafuta mengi. Nilikuwa nimejaza kupita kiasi, kwa ukarimu, jinsi ninavyojaza sahani ya mgeni. Tukapunguza, tukasafisha breki tena. Sili zangu zilikuwa nzima. Hazikuwa na kosa lolote.

Mwanangu, nimefikiri sana juu ya siku ile. Mara nyingi katika maisha yangu nimebadilisha sili na kuacha tundu limeziba. Nilipokuwa nagombana na shangazi yako kila Krismasi, nilibadilisha maneno, nikabadilisha zawadi, nikabadilisha hata chakula. Tulikuwa tunavuja tena. Mpaka siku moja nilimwuliza ni kitu gani kinachomsumbua akija kwetu, akalia, akaniambia habari ya kaburi la mama yao ambalo sisi hatukuwahi kwenda kulisafisha. Tulikwenda. Siku hizi ndiye huyo anayekuhesabia soksi. Sikuambii kwamba kila shida ina tundu juu yake. Nyingine ni sili mbovu tu, itoe, tia mpya. Ila kama umeitia vizuri na bado inavuja, usikimbilie kujilaumu wala kumlaumu mwenye duka. Kaa kidogo, uliza inavuja lini.

Sasa nimalizie. Siku ya kwenda Kuresoi ilifika. Joshua ndiye aliyekuwa na mkono wa kuendesha. Akaingia, akashika usukani, akauliza, "Hizi breki amefunga nani?"

"Dada yako," baba yako akasema.

Joshua akatoka ndani ya gari. Alisimama kabisa chini. "Shemeji, mimi nina watoto."

"Hata mimi ninaye," nikasema. Nikazunguka, nikapanda mbele, nikafunga mlango. "Twende."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta hofu usoni pangu. Ilikuwepo, lakini haikuwa ya breki. Nilikuwa nazijua zile breki, kila nati, kila kijiko cha mafuta. Nilikuwa naogopa tu kwamba akina mama wa Kuresoi wangekuwa wamekata tamaa. Hawakuwa. Walikuwa wamevichambua viazi, vibovu wamevitupa, vizuri wamevifunika kwa blanketi zao wenyewe. Walitupokea kwa nyimbo, na sikuwaambia neno juu ya mikono yangu.

Tukashuka na magunia mpaka juu, mteremko ule ule. Joshua alikaza macho barabarani. Gogo la kizuizi likaonekana, askari wakainua mikono. Alikanyaga. Nilisikia gari linainama mbele kidogo, sawasawa, halivuti kushoto wala kulia, likapunguza, likapunguza, likasimama mbele ya gogo mahali ambapo mtu angeweza kupita katikati kwa raha.

Askari mmoja akaja dirishani. "Hii si ile gari ilipanda ukingo?"

"Ndiyo hiyo," Joshua akasema.

"Nani alitengeneza?"

Joshua akanielekeza kwa kidevu. Askari akaniangalia, akaangalia kanga yangu, akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa bado na weusi ndani ya kucha. Akatoboa magunia kwa chuma chake kama desturi yao, akarudi. "Mama," akasema, "sisi tuna lori huko kambini. Breki zake ni mbaya sana."

"Linavuja nyuma?"

"Sijui. Sijaangalia."

"Angalia kwanza," nikamwambia. "Usifute."

Joshua alicheka kutoka pale mpaka Njoro. Mimi nilishuka Njoro nikagusa dramu zote mbili kwa kiganja. Zilikuwa kavu. Nilisimama pale barabarani, watu wanapita, nikakitazama kiganja changu kisicho na kitu, na sijawahi kufurahi namna ile kwa sababu ya kukosa kitu mkononi.

Baba yako mkono ulipopona alirudi kuendesha. Lakini tangu siku ile akisikia sauti ngeni kwenye gari, huniita kabla ya kuinua boneti. Si kwamba najua kumshinda. Anasema tukiwa wawili tunauliza maswali mazuri zaidi.

Wamekuambia kwamba kazi unayokwenda kujifunza ni ngumu, kwamba wasichana wengi hurudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Huenda ni kweli. Mimi sina wasiwasi nawe. Nimekuona ukijifunza kufunga bendeji kwa mguu wa mbuzi, ukafungua, ukafunga, ukafungua, mpaka mbuzi akachoka akalala. Mtu wa namna hiyo hatarudishwa na neno la mtu. Kuna watakaokuambia jambo fulani si la wewe kuligusa. Waombe wakuonyeshe. Ukiharibu, taja kwamba umeharibu, kisha rudia wakikutazama. Na mgonjwa akikuambia kitu kidogo kinachotokeza kila siku, hata kama wenzako wanakipangusa tu na kuendelea, wewe simama.

Nasikia sauti yako uani, unaagana na mtu mlangoni. Nafunga barua.

Kesho kituoni baba yako atasema mengi, kwa maana ndivyo afanyavyo akiwa na huzuni. Mimi nitanyamaza, nitashika mkono wako dirishani mpaka treni ianze kuvuta. Nimeazimia nisilie. Lakini ukiniona nalia, Tabitha, usishuke.

Ni mimi, mama yako,
Rispa